Sultana ilikuwa manowari au merikebu ya biashara?

Swali la mwalimu wa historia wa sekondari, Tanga:

"Nafundisha biashara ya Zanzibar katika karne ya 19. Niliwaeleza wanafunzi kwamba mwaka 1840 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alituma merikebu yake, Sultana, hadi New York ikiwa na karafuu, tende na pembe za ndovu. Mmoja akaniletea picha aliyoipata kwenye simu, merikebu ina mizinga ubavuni, akauliza kama hiyo ni ya vita au ya biashara. Nikamjibu ya biashara. Mwenzake akadakia kwamba babu yake humwambia Sayyid alikuwa na manowari ya mizinga 74, akampa mfalme wa Uingereza bure. Darasa likageuka baraza. Naomba msaada: Sultana ilikuwa nini hasa? Na hiyo ya mizinga 74 ni kweli au ni hadithi za babu?"

Mwalimu, babu hakukosea, na wewe hukukosea. Sultana iliundwa kwa umbo la manowari ndogo na ilibeba mizinga 14, lakini ilipotia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840 ilikuwa imekwenda kuuza na kununua. Ile ya mizinga 74 nayo ilikuwepo. Iliitwa Liverpool, na ni kweli Sayyid Said alimpa Mfalme William IV mwaka 1836. Neno "bure" ndilo nisilokubaliana nalo, nitalifikia.

Kinachotutatiza ni macho yetu ya leo. Siku hizi hata mtoto akisimama ufukweni anaijua meli ya makontena na anaijua manowari. Enzi za matanga hapakuwa na tofauti ya namna hiyo. Mafundi walewale, kwenye gati lilelile, kwa msaji (mbao za mtiki) uleule, waliunda zote mbili: milingoti mitatu, foromali (miti ya kutundikia matanga) zilizokingamana, matanga ya mraba, na matundu ya mizinga ubavuni. Mfanyabiashara alibeba mizinga kwa sababu baharini hapakuwa na polisi. Manowari nayo wakati wa amani ilipakia mizigo, kwa kuwa chombo kinachokaa bila kazi kinamla mwenyewe. Kwa hiyo mizinga kwenye picha haikupi jibu. Jibu liko chini ya sitaha: mlikuwa na nini humo, na walilala watu wangapi.

Nianze na mzinga, maana huo ndio unaokula nafasi.

Chukua mzinga mmoja wa ratili 32, ule uliokaa sitaha ya chini ya manowari za mizinga 74. Ratili 32 ni uzito wa tufe lake la chuma, kama kilo 14 na nusu. Mzinga wenyewe unakaribia tani 3, umekaa juu ya gari la mbao lenye magurudumu manne madogo. Ukilipuka unarudi nyuma kwa kishindo mpaka ukamatwe na kamba nene iliyofungwa ubavuni mwa chombo, na ole wake aliyesimama nyuma. Hapo hapo mmoja anachomeka mti mrefu wenye manyoya yaliyoloweshwa maji, azime cheche zilizobaki ndani. Asipozizima, mfuko wa baruti unaofuata utalipuka mikononi mwa mwenzake. Mwingine anasukuma baruti, kisha tufe, kisha tambara la kulishikilia tufe lisibingirike nje chombo kikilala. Halafu wote wanashika kamba, wanauvuta mzinga mpaka mdomo utoke tunduni. Mkuu wa mzinga anachungulia, anangoja wimbi liinue ubavu, anafyatua. Wanaanza upya, humo ndani moshi mtupu, dari iko chini kiasi kwamba mtu mrefu hasimami wima.

Kazi hiyo ilitaka watu saba kwa uchache, na zaidi ya hapo watu wakipatikana, bila kumhesabu mtoto wa kukimbilia baruti. Ndiyo, mtoto: wavulana wa miaka 12 na 13 walikuwa sehemu ya kawaida ya manowari za Ulaya. Baruti ilihifadhiwa chini kabisa, chini ya usawa wa maji, na aliyeingia ghala hiyo alivua viatu vya misumari akavaa vya kitambaa. Vifaa vya humo vilikuwa vya shaba na mbao visije vikatoa cheche. Taa haikuingia. Iliwashwa chumba cha pili, mwanga ukapenya kupitia kioo.

Sasa fanya hesabu, na hii unaweza kuwapa wanafunzi ubaoni. Manowari ya mizinga 74 ilichukua watu 500 hadi 650. Tuseme 600. Mpe kila mmoja lita 4 za maji kwa siku, za kunywa na kupikia. Kuoga na kufua ni maji ya chumvi. Hizo ni lita 2,400 kwa siku. Kwa miezi mitatu bila kufika bandari ni lita 216,000, yaani tani 216 za maji peke yake. Bado hujapakia biskuti ngumu, nyama ya chumvi, kuni, baruti, matufe, kamba na matanga ya akiba. Bado hujaweka farumi, zile ingoti za chuma na kokoto zinazolazwa chini kabisa ili uzito wa mizinga iliyoko juu usikipindue chombo. Ukimaliza kupakia vyote hivyo, karafuu utaziweka wapi?

Hapo ndipo manowari halisi inapojitenga na merikebu ya biashara. Mizinga inataka watu, watu wanataka maji na chakula, na maji na chakula vinajaza tumbo. Inabeba uwezo wake wa kupigana na si zaidi.

Turudi kwa Sultana. Iliundwa Mazagon, Bombay, mwaka 1833, chombo cha tani 300 na ushei kwa kipimo cha nafasi cha siku zile. Manowari ya mizinga 74 ilikuwa kubwa kuliko hiyo mara tano au zaidi. Ilifika New York ikiwa na mabaharia 56, baada ya siku 87 baharini. Rudia ile hesabu: watu 56 kwa lita 4 kwa siku 87 ni lita 19,488, hazifiki tani 20. Abiria wachache na farasi wawili, ambao nitawataja, wataongeza kidogo, lakini tumbo linabaki na nafasi tele.

Na nafasi hiyo haikukaa tupu. Kutoka Maskati ilipakia magunia 1,300 ya tende, marobota 21 ya mazulia ya Kiajemi na marobota 100 ya kahawa ya Mokha, bandari ya Yemen. Zanzibar ikaongeza pembe 108 za ndovu, makasha 81 ya sandarusi (utomvu mkavu wa miti wa kutengenezea vanishi), magunia 135 ya karafuu na ngozi kavu 1,000 zilizotiwa chumvi. Ukiisoma orodha hiyo taratibu unaona ramani nzima ya utawala wa Sayyid: tende za Ghuba ya Uajemi, ndovu na sandarusi za bara na Mrima (pwani ya bara), karafuu za mashamba aliyoyapanda mwenyewe Unguja. Ilirudi na merikani (kitambaa cha pamba cha Marekani), shanga, bunduki na baruti. Huo ulikuwa msafara wa biashara, hata kama ungefunga mizinga mara mbili ya ile.

Ila ukiishia hapo utakuwa umewapunja wanafunzi, maana Sultana ilikuwa na sura ya tatu: ilikuwa chombo cha dola. Ndani alikuwemo Ahmad bin Naaman al-Kaabi, katibu na mjumbe wa Sayyid, na zawadi za kumpa Rais Martin Van Buren wa Marekani, zikiwemo lulu na hao farasi wawili wa Kiarabu. Katiba ya Marekani hairuhusu Rais kupokea zawadi ya mtawala wa nje bila idhini ya Bunge, basi likawa jambo la kujadiliwa bungeni Washington, na farasi mwishowe wakanadiwa, fedha zikaingia hazina. New York, mji wa watu takriban laki tatu wakati huo, watu walijazana gatini kuwatazama mabaharia. Ahmad alichorwa picha ya rangi na mchoraji Edward Mooney, na sura yake tunaijua mpaka leo kwa sababu hiyo.

Marekani nayo ilijibu kidola. Sultana ilifika imechakaa, ikapelekwa karakana ya jeshi la majini, Brooklyn, ikatengenezwa kwa gharama ya serikali. Angalia hapo: mfanyabiashara wa Salem au Boston asingetengenezewa merikebu bure kwenye karakana ya jeshi. Aliyefanyiwa hivyo ni mgeni wa heshima, rafiki aliyetia sahihi mkataba na Edmund Roberts mwaka 1833. Mizinga 14 ilikuwa na kazi hapo hata bila vita. Chombo cha mtawala kikiingia bandari ya watu hupiga mizinga ya salamu, na kisichoweza kupiga kinaonekana cha mchuuzi.

Nahodha wa kwenda alikuwa Mwingereza, William Sleeman, ambaye kumbukumbu za safari zinamtaja kwa ulevi kuliko kwa unahodha. Safari ya kurudi akapewa Mmarekani, Sandwith Drinker wa Philadelphia, aliyeandika shajara ya njiani, na hiyo ni hazina kwa sisi tunaofuatilia mambo haya. Usishangae kuona wageni wakishika usukani. Baharia wa Kiarabu au wa Kiswahili alizijua pepo za kaskazi na kusi kuliko yeyote, lakini kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kukata Atlantiki ni bahari nyingine, pepo nyingine, na vyombo vya matanga ya mraba vinaendeshwa kwa taratibu zake.

Kuhusu picha ya kwenye simu: picha nyingi zinazozunguka mtandaoni kwa jina la merikebu za Zanzibar ni za meli za Kiingereza au Kihispania ambazo hata Bahari ya Hindi hazikuiona. Mwambie kijana ahesabu safu za matundu ya mizinga. Akikuta mbili, basi hiyo si Sultana. Korveti, yaani manowari ndogo, ya mizinga 14 huiweka yote kwenye sitaha moja tu.

Labda utauliza: ikiwa ilikuwa ya biashara, kwa nini wasiiache mizinga nyumbani wapakie karafuu zaidi? Kwa sababu waliojaribu waliporwa. Na hata waliojihami hawakuwa salama. Mwezi Septemba 1695 Ganj-i-Sawai, merikebu kubwa ya Mfalme Aurangzeb wa India, ilikuwa inarudi Surat, bandari ya India, kutoka Mokha na mahujaji na mali. Ilikuwa na mizinga mingi kuliko maharamia waliokuwa wanaifuata, kundi la Mwingereza Henry Every kwenye merikebu yenye mizinga 46. Vita vilipoanza mzinga mmoja wa Ganj-i-Sawai ukapasuka, ukaua watu wake wenyewe, na nidhamu ikavunjika. Ikatekwa. Wafanyabiashara wa Kiingereza wa Surat walijuta kuzaliwa kwa hasira ya Aurangzeb. Kwangu mimi hicho ndicho kielelezo kizuri kuliko vyote cha hoja yangu: mizinga ilikuwepo, lakini merikebu haikuwa na watu waliofundishwa kuitumia siku baada ya siku. Ilikuwa chombo cha abiria na mali kilichobeba chuma kingi.

Upande wa pili kuna kisa cha kuchekesha. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilikuwa na merikebu za tani 1,200 kwa biashara ya China, zenye mizinga 30 hivi na watu kama 130 tu. Gawanya watu hao kwa mizinga, toa wa kushughulikia matanga, uone kinachobaki. Kampuni ilijua udhaifu huo, kwa hiyo ilizipaka rangi mbavu zake zifanane na za manowari, hata kuchora matundu ya uongo. Mwezi Februari 1804 msafara wao ukitoka Canton na chai na hariri, chini ya Nathaniel Dance, ulikutana na kikosi cha Wafaransa karibu na kisiwa cha Pulo Aura, upande wa mashariki wa Mlangobahari wa Malaka. Mkuu wa Wafaransa, Linois, alikuwa kwenye Marengo, manowari ya mizinga 74. Dance angekimbia angekwisha. Badala yake akapandisha bendera za jeshi la majini kwenye baadhi ya merikebu zake, akazipanga mstari kama watu waliokuja kupigana. Linois akaahirisha mpaka asubuhi. Asubuhi wakarushiana mizinga kwa muda mfupi, naye akageuza, na wachuuzi wa chai wakaifukuza manowari ya mizinga 74 kwa karibu saa mbili! Admirali mzima, amezaliwa baharini, na bado hakuweza kutofautisha kwa macho merikebu ya biashara na ya vita. Basi mwanafunzi wako wa Tanga asione haya.

Sasa Liverpool, ya babu.

Hiyo haikuwa na utata wowote. Ilikuwa manowari tupu, ya daraja ambalo Waingereza na Wafaransa walilitumia kusimama mstari wa mbele wa vita. Iliteremshwa majini Bombay mwaka 1826. Mafundi wakuu wa gati hilo walikuwa wa ukoo wa Wadia, Waparsi (Wahindi wenye asili ya Uajemi) waliokuwa wakiunda merikebu hapo tangu miaka ya 1730, baba akimrithisha mwana. Waingereza wenyewe waliwaagiza manowari kwa sababu ya msaji. Mbao za mwaloni wa Ulaya huoza upesi katika maji ya joto. Msaji una mafuta yake ya asili, unastahimili maji na wadudu wanaotoboa mbao, na hauli misumari ya chuma kama mwaloni unavyofanya. Ukitaka ushahidi, Trincomalee, iliyotoka gati hilohilo la Bombay mwaka 1817, mpaka leo inaelea Hartlepool, Uingereza, na watalii wanapanda sitahani.

Wala Liverpool haikuwa manowari kubwa ya kwanza ya Waomani. Tangu walipowafukuza Wareno Maskati mwaka 1650, waliteka vyombo vya adui, wakanunua vingine na kuviagiza India. Mskoti Alexander Hamilton, mfanyabiashara aliyezunguka bahari hizi, aliandika kwamba mwaka 1715 jeshi la majini la Oman lilikuwa na meli moja ya mizinga 74, mbili za 60, moja ya 50, na ndogo ndogo 18. Kwa hiyo Sayyid Said alikuwa anarudisha jina la mababu. Kando ya Liverpool alikuwa na frigeti (manowari ya kati) Shah Alam ya mizinga zaidi ya 50, na Caroline, na nyingine, na hizo ndogo alizituma kufanya biashara pasipokuwa na vita. Caroline ilifika Marseille mwaka 1849. Sultana ilikwenda London mwaka 1842 na mjumbe Ali bin Nasir. Merikebu hizo zilikuwa mali ya mtu mmoja aliyekuwa mtawala na mfanyabiashara kwa pamoja, na mfukoni mwake hapakuwa na ukuta kati ya hazina ya dola na mtaji wa duka.

Liverpool haikuweza kuingia kwenye mpango huo. Huwezi kuilisha kwa karafuu, nimekuonyesha hesabu. Iweke na watu kamili, inakula fedha kila siku. Iweke na watu pungufu, ni ngome isiyo na askari. Na vita alivyokuwa navyo Sayyid havikuwa vya aina yake. Mwaka 1828 alikwenda nayo Mombasa kuwakabili Mazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji huo. Ilitisha, hakuna shaka: safu mbili za mizinga mbele ya Fort Jesus si jambo dogo. Yakafanyika mapatano, askari wake wakaingia ngomeni, akaondoka. Haukupita muda mrefu askari hao wakazingirwa na kutolewa. Alirudi na kurudi tena, bila mafanikio ya kudumu. Maji ya Pwani yetu yamejaa miamba na mafungu, na chombo ambacho tumbo lake liko zaidi ya mita 6 chini ya maji kina njia chache za kupita, wakati jahazi linavuka juu ya fungu maji yakijaa. Halafu manowari haipandi ukuta. Mombasa aliipata mwaka 1837, Mazrui wenyewe walipogawanyika, na viongozi wao wakakamatwa kwa hila na kupelekwa uhamishoni Ghuba. Mwaka huo Liverpool ilikuwa imeshatolewa.

Ndiyo sababu nasema hakuitoa bure. Alikuwa na chombo cha fahari kisichomwingizia kitu na kisichompa Mombasa. Alikuwa ametia sahihi na Wamarekani mwaka 1833, Waingereza wakamwangalia kwa jicho la pembeni, na yeye aliwahitaji Ghuba. Zawadi kwa Mfalme William ilimwondolea gharama na kumnunulia heshima kwa mpigo mmoja, na mkataba wa biashara na Uingereza ukafuata mwaka 1839. Mfanyabiashara hodari anajua siku ya kuondoa mali dukani. Mfalme naye alimrudishia zawadi, jahazi la kifahari la kifalme liitwalo Prince Regent, limepambwa dhahabu na vioo. Sayyid halikumfaa, akalipitisha kwa Gavana Mkuu wa India. Watu wanaolisimulia jambo hili kama ujinga wa sultani aliyechezewa na wazungu, kwa maoni yangu, hawajapiga hesabu ya maji na biskuti.

Waingereza waliipa jina jipya, Imaum, kwa kuwa Sayyid wao walimwita Imamu wa Maskati. Ilimalizia maisha yake Port Royal, Jamaica, imefungwa gatini kama bweni la mabaharia wapya, ikavunjwa miaka ya 1860. Sayyid mwenyewe alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 akiwa baharini kwenye frigeti yake nyingine, Victoria, karibu na Shelisheli, akitoka Maskati kurudi Zanzibar. Kimbunga cha Aprili 1872 kikaharibu merikebu za mwanawe Barghash zilizokuwa bandarini. Baada ya hapo Barghash akaagiza Glasgow kutoka Uskoti, ya mvuke na matanga pamoja, ambayo Waingereza waliizamisha mbele ya kasri tarehe 27 Agosti 1896. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini Zanzibar kwa miaka mingi, na kwenye picha za zamani za Forodhani utaiona. Hiyo onyesha darasani bila wasiwasi, kwa sababu ni picha ya kamera.

Kitu cha kugusa hatujabakiwa nacho kwa Sultana wala Liverpool. Kilicho karibu nanyi kiko Mombasa. Santo António de Tanná, frigeti ya Wareno, ilizama mbele ya Fort Jesus mwezi Oktoba 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome tangu Machi 1696. Nayo iliundwa India, Bassein, kaskazini kidogo mwa Bombay, miaka ya 1680 na 1681, kwa hiyo ni pwani ileile iliyotoa merikebu za Sayyid karne moja na nusu baadaye. Wapiga mbizi waliigundua miaka ya 1960, na kati ya 1977 na 1980 wataalamu wa akiolojia ya baharini wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliichimba chini ya maji. Vitu vilivyotolewa viko kwenye makumbusho ya ngome. Mkipata nauli ya basi kutoka Tanga, wapeleke. Waambie wasikimbilie mizinga iliyopangwa uani. Waanze na kabati za vyombo vya mabaharia, watafute walikula kwa nini na kunywa kwa nini, halafu warudie hesabu ya lita 4.